Kisu cha Kukunja na Komeo Lake

Kisu kinachoonekana zaidi katika mitaa ya Arusha hakikunjiki. Ni sime ya Kimaasai, imening'inia kiunoni ndani ya ala nyekundu ya ngozi, inavuka barabara na mwenyewe na hakuna anayegeuka kuitazama. Chuma chake kimezama kwenye mpini moja kwa moja. Ikikata tawi au ikichuna mbuzi, hakuna kiungo cha kulegea. Shida huanza pale mtu anapotaka kisu cha kuingia mfuko wa suruali, kikae humo kutwa nzima, na Ijumaa kipande naye Mlima Meru.

Jina la kisu hicho watu wanalo: kisu cha kukunja. Ni jina la kawaida mno, hata ni rahisi kulipita bila kuona ujanja wake. Kisu cha kukatia nyama ni chombo. Kile kiambishi -ia ndicho kinachokipa kazi. Kisu cha kukunja hakikunji kitu chochote. Chenyewe ndicho kinachokunjwa, kama kiti cha kukunja au mwavuli wa kukunja. Anayesema “kisu cha kukunjia” ametaja kifaa kingine kabisa, labda cha kukunjia karatasi.

Majina mengine hayakosekani. Kijembe ni neno zuri na la zamani kwa kisu kidogo, lakini siku hizi ukisema fulani ametoa kijembe, msikilizaji anasubiri maneno ya kuchoma, si chuma. Kisu cha mfukoni kinataja mahali tu, na hata kisu cha jikoni kilichoviringishwa gazeti huingia mfukoni.

Basi kukunja na kubaki. Ila hatari nayo imo katika kitenzi hicho hicho. Kisu kizuri hukunjwa, kibaya hujikunja. Imeongezeka silabi moja, -ji-, na kinacholipia silabi hiyo ni kidole cha shahada. Mtu anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa ngozi, ncha inanasa, anasukuma zaidi, na nguvu yote inahamia kwenye mgongo wa bapa. Bapa linarudi mpinini. Vidole viko njiani.

Visu vingi vidogo hushikiliwa wazi na springi peke yake. Ndivyo kilivyo kile kidogo kabisa cha Victorinox, chenye mpini wa milimita 58 na uzito wa gramu 21 hivi, kitukuu cha kisu cha maofisa ambacho Karl Elsener alikisajili Uswisi mwaka 1897. Kwa kukata uzi, kufungua bahasha au kumenya chungwa, springi inatosha. Kwa kusukuma, haitoshi. Hapo kinahitajika kitu cha kulizuia bapa lisirudi, na hapo ndipo Kiswahili cha mtaani kinapokimbilia “loki”. Kisu kina loki, kisu hakina loki, kiloki kwanza.

Loki inaeleweka, na simu zimeizoesha midomo. Lakini chaguo bora liko mlangoni. Kufuli halifai, kwa kuwa linadai ufunguo, na kitasa vilevile. Kia ni neno la kale la kipande cha kufungia mlango, ila Arusha ukitamka kia watu wanasikia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na wanakuuliza ndege inaruka saa ngapi. Linabaki komeo. Komeo halina ufunguo. Ni kipande kinachosogezwa mahali pake na kuzuia. Zaidi ya hapo, linakuja na vitenzi vyake, kukomea na kukomoa, vinavyokwenda sambamba na kukunja na kukunjua. Kisu kinakunjuliwa, kinakomewa, kinakata, kinakomolewa, kinakunjwa. Kazi nzima imeelezwa bila kukopa neno. Na kwamba kukomoa pia ni kumtia mtu adabu kwa chuki, hilo mwenye kukomoa kisu huku vidole viko kwenye makali atalielewa haraka.

Makomeo yako ya namna nyingi, na mawili yanastahili kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni la Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, wakati Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mgongoni mwa mpini kuna pete ya chuma. Bapa likikunjuliwa linatoa mlio wa meno, ka-ka-ka, kila jino likishika; kulirudisha, pete inavutwa. La pili ni la Opinel, kisu cha wakulima wa Savoie huko Ufaransa, alichoanza kukitengeneza Joseph Opinel mwaka 1890. Komeo lake lilikuja 1955: pete inayozungushwa shingoni mwa mpini na kuziba mwanya ambao bapa lingepitia.

Kwa mpanda Meru, hesabu ya uzito inaingia hapa. Buck 110, kisu cha Marekani maarufu tangu 1964, ina komeo imara la mgongoni, lakini ina gramu 200 hivi. Opinel namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ina gramu 45 hivi. Kutoka lango la Momella hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, tofauti hiyo haisikiki. Usiku wa kutoka kibanda cha Saddle, mita 3,570, kuelekea kileleni mita 4,566, kila kilichobaki kwenye begi kinajulikana kwa jina. Anayekuja kwa ndege akiweke kisu kwenye begi kubwa linalokwenda chini, la sivyo kitabaki uwanjani.

Chuma nacho kinachaguliwa kwa chakula. Miteremko ya Meru ni nchi ya ndizi na parachichi. Pua ya kawaida hunoleka upesi kwenye jiwe, ila utomvu wa ndizi huiacha nyeusi na unyevu wa msituni huiletea kutu. Stenlesi huvumilia zaidi, na kwa anayesahau kufuta kisu chake ndiyo ya kununua.

Mti wa mpini hauna stenlesi. Mvua ikinyesha njia nzima, mpini wa Opinel hunywa maji, unavimba na kulibana bapa hadi ukucha ushindwe kulivuta. Watu wa Savoie wana dawa yake, na inafaa hata kwenye benchi la Miriakamba: komeo linafunguliwa, mpini unashikwa wima, kisigino chake kinagongwa kwenye mbao mara moja, mara mbili, na bapa linachungulia.