Namna ya Kupima Gharama na Faida za Usalama na Afya Mahali pa Kazi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri nchini Tanzania kutathmini vihatarishi vilivyopo sehemu ya kazi na kuvidhibiti. Gharama za wajibu huo hazina utata: vifaa kinga, mafunzo na upimaji wa afya huonekana kwenye risiti. Faida ni ngumu kuhesabu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni hasara ambazo hazikutokea.

Msumeno usio na kikinga ukimkata fundi vidole katika kiwanda cha mbao, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri, hugharamia matibabu na kulipa fidia. Mfuko haulipi siku ambazo mashine ilisimama, oda iliyochelewa wala muda wa kumfundisha fundi mwingine. Hasara hizo hubaki kwa mwajiri, na ndizo husahaulika katika vitabu vya hesabu. Vidole, bila shaka, havirudi kwa malipo yoyote.

Magonjwa yatokanayo na kazi yanahitaji hesabu ndefu zaidi. Vumbi la silika migodini huharibu mapafu kwa miaka mingi kabla ya dalili kujitokeza. Tathmini ya mwaka mmoja itaonesha gharama ya kunyunyiza maji, pasipo faida.

Mwaka 2011, Shirikisho la Kimataifa la Hifadhi ya Jamii (ISSA) lilikadiria kuwa kila shilingi 1 ya kinga hurejesha takribani 2.2. Uwiano huo ulitokana na makadirio ya kampuni zenyewe katika nchi 15, hivyo hauchukui nafasi ya daftari la ajali la kiwanda husika, yakiwemo matukio yaliyonusurika.