Mwenyeji Asiye na Nyumba

Wazee hunena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya Kahuzi-Biega, huko Kivu Kusini, yatuuliza: mwenyeji akiondolewa nyumbani mwake, ni nani atakayepona?

Mwaka 1970 msitu huo ulifanywa hifadhi ya taifa yenye hekta 60,000. Mwaka 1975 hifadhi ikapanuliwa hadi hekta 600,000. Watalii wa ng'ambo wakaanza kufika ili kuwatazama gorila. Miongoni mwa waliowaongoza walikuwamo Batwa wachache, wajuzi wa kufuata nyayo na majani yaliyovunjika. Lakini jamaa za Batwa, walioishi humo kwa uwindaji, asali na dawa za miti, walifukuzwa bila fidia. Ujuzi wao wa msitu uliajiriwa. Haki yao ya kuishi humo ikakataliwa. Mwaka 1980 UNESCO iliitangaza hifadhi kuwa urithi wa dunia, huku wengi wa warithi wake wakiwa vibarua katika mashamba ya watu. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ilivunja haki zao.

Sisi wa Ankoro, penye makutano ya Luvua na Lualaba, twaishi na majirani Batwa, na chuki imekwisha kumwaga damu kati yetu. Siku wageni watakapokuja kuitazama mito yetu, tusiwaite Batwa kuwachezea ngoma, hali tukiwanyima kiti katika baraza linaloamua juu ya ardhi na mapato.