Kibuyu cha Mafuta na Kopo la Plastiki

Ewe msomaji kijana, yamkini asubuhi ya leo, kabla ya kutoka nyumbani, ulijipaka mafuta. Jua litakapotua mafuta hayo yatakuwa yamekwisha kazi yake. Lakini kopo lake litakuwako hata utakapokuwa mzee, na baada yako pia. Ni ajabu kwamba kitu cha siku moja hutiwa katika chombo cha karne nyingi. Basi na tutazame desturi hii ilitoka wapi, maana mtu asiyejua mwanzo wa desturi hudhani kuwa haina mwisho.

Wazee wetu wa Ukambani hawakupuuza miili yao. Walijipaka samli na mafuta ya mbarika, nayo mafuta waliyaweka katika kibuyu. Kibuyu hakikutoka kiwandani. Kilipandwa shambani, kikavunwa, kikatolewa nyama yake, kikaanikwa mpaka kikawa kikavu, kisha mara nyingi kikatiwa nakshi. Kilipopasuka kilishonwa, na kiliposhindikana kushonwa kilitupwa, kikaoza, kikawa udongo tena. Kule pwani wanja ulikaa katika kidau, na marashi katika mrashi wa shaba au fedha ambao mama aliweza kumwachia bintiye. Angalia vizuri: chombo kimoja kilioza, na kingine kilirithiwa. Hapana hata kimoja kilichokuwa taka.

Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ilijenga kituo chake hapa Machakos, na baadaye maduka yakaongezeka. Mafuta ya kigeni yakaja katika chupa na mikebe. Miongoni mwake ni yale ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hati ya uvumbuzi mwaka 1872, na kuyauza akiyatia katika vyombo vya kioo. Lakini wazee wetu hawakutupa ovyo vyombo hivyo vipya. Chupa ilitiwa asali, na mkebe ukageuzwa koroboi ya kusomea usiku.

Mgeni wa tatu ndiye aliyebadili mambo. Mwaka 1933, katika kiwanda kimoja karibu na mji wa Northwich, Uingereza, wataalamu Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu jambo jingine, wakakuta ndani ya mtambo wao kitu cheupe kama nta. Ndiyo plastiki iitwayo polithini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kukinga nyaya za rada. Vita vilipokwisha ikaingia majumbani. Tusiidhulumu: ni nyepesi, haivunjiki upesi, haipenywi na maji, na bei yake ni ndogo. Mwenye duka aliipenda, na mnunuzi pia. Lakini hakuna aliyeuliza itakwenda wapi baada ya kazi yake.

Jibu laonekana baada ya kila mvua kubwa. Maji yateremkayo Milima ya Iveti huzoa makopo mitaroni na kuyasukuma vijitoni. Vijito vingi vya Machakos huishia katika Mto Athi; Athi huitwa Galana mbele ya safari, kisha Sabaki, na humwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kopo lililotupwa hapa laweza kumfikia mvuvi asiyetujua. Njiani humeguka vipande vidogo vidogo, lakini haliozi. Mchuma janga hula na wa kwao. Na huyu hula hata na wasio wa kwao.

Waweza kusema, "Serikali ilikwisha kataza." Ni kweli kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Wengi walisema kuwa watu hawataweza kuishi bila mifuko hiyo, wakaweza. Lakini sheria ile ilihusu mifuko. Kopo la mafuta na chupa ya manukato havikuguswa. Hapo ndipo uchaguzi ulipobaki mikononi mwa mtengenezaji, na mikononi mwako wewe mnunuzi.

Siku hizi wako watengenezaji wanaofunga sabuni kwa karatasi, wanaotia mafuta mazito katika vikopo vya karatasi ngumu, au wanaouza katika chupa ya kioo inayoweza kujazwa tena. Kazi hii si rahisi. Mafuta yenye maji hulowesha karatasi, kioo ni kizito, na bei huweza kupanda. Tena jihadhari na maneno matamu. Iko plastiki itengenezwayo kwa wanga wa mahindi, isifiwayo kwamba huoza. Lakini aina yake iliyoenea sana huhitaji joto la nyuzi 60 hivi katika mitambo maalumu. Ukiitupa mtoni itakaa kama ndugu zake.

Kwa hiyo sikuambii urudi kwenye kibuyu. Nakuambia urudi kwenye swali ambalo kibuyu kilikuwa na jibu lake: chombo hiki kikimaliza kazi yake, kitaoza, kitatumika tena, au kitabaki kuwa mzigo wa mtu mwingine? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Utakaposimama dukani, usitazame mafuta peke yake. Ligeuze kopo, ulitazame, kisha ujiulize litalala wapi miaka mia ijayo. Usipopata jibu, kirudishe rafuni, uulize kingine.