Ushuru wa Forodha na Nguo ya Merikani katika Afrika ya Mashariki ya Kikoloni

Kodi ya kibanda imeandikwa sana katika historia ya Kenya. Ilianzishwa mwaka 1901, ikakusanywa nyumba hadi nyumba, na kila aliyeilipa aliijua siku aliyoilipa, mtu aliyeipokea, na adhabu ya kutoilipa. Ushuru wa forodha haukupata kutajwa kiasi hicho. Mlipaji wake wa mwisho, awe mkulima wa Nyanza au kibarua wa Nairobi, hakupata kuonana na karani wa forodha maishani mwake. Aliulipa dukani, ndani ya bei ya nguo na sukari, wala hapana aliyempa stakabadhi yake. Walakini, anayetaka kujua ni nani hasa aliyeigharimia serikali ya kikoloni hana budi kuuchunguza ushuru huo pamoja na kodi.

Maneno yenyewe yana ushahidi wake. Ushuru ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Forodha nayo imetoka huko huko, ikiwa na maana ya mahali pa kupakulia vyombo. Kodi ni malipo ya mpangaji pia, na jamaa zake ni kukodi na kukodisha. Katika Unguja ya karne ya 19 maneno haya yalikutana, kwani forodha ya Sultani ilikuwa ikikodishwa. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, ilimlipa Sayyid Said kiasi kilichoafikiwa kwa mwaka, kisha ikajitozea yenyewe ushuru bandarini. Faida ilikuwa yake na hasara yake. Wala fungu lenyewe halikuwa tena la kumi. Mkataba aliofunga Edmund Roberts na Sayyid Said mwaka 1833, kwa niaba ya Marekani, uliweka asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoteremshwa. Mikataba ya Uingereza (1839) na Ufaransa (1844) ilishika kiwango hicho hicho. Hivyo Sultani hakuweza kuongeza ushuru bila ya ridhaa ya wageni, na hayo yalikuwa miongo kadhaa kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa pwani.

Merikebu za Salem zilizofika Unguja chini ya mkataba ule zilileta nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, na wenyeji wakaiita merikani. Nguo hiyo ilivaliwa, ilizikiwa, ilitolewa mahari, na huko bara ilitumika mahali pa fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipoukata mkondo wake, viwanda vya Uingereza na Bombay viliingia pengoni. Jina halikubadilika. Mnunuzi aliomba merikani na akapewa merikani, ijapokuwa haikupata kuiona Marekani.

Thamani ya forodha machoni pa wakoloni ilidhihirika mapema. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilikodi kwa Sultani haki ya kuendesha forodha za mrima, na mwezi wa Agosti wakuu wake walipojitwalia madaraka Pangani, watu waliinuka chini ya Bushiri bin Salim. Masimulizi mengi hukumbuka bendera iliyopandishwa siku zile. Ni haki kukumbuka pia kwamba palipogombewa ni mlango wa mapato ya nchi.

Mataifa ya Ulaya nayo yalikuwa yamejifunga. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulilitia eneo hili, hadi Bahari ya Hindi, katika bonde la Kongo la biashara huria, na mapatano ya Brussels ya 1890 yakaruhusu ushuru usiozidi asilimia 10. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliondoa kikomo hicho, lakini ukabakisha sharti moja: bidhaa za taifa moja zisitozwe zaidi ya za jingine. Kuondoka kwa kikomo kuliipa serikali ya Kenya njia iliyokuwa ikiitafuta.

Njia hiyo ilitumiwa kwa namna ya kustaajabisha. Kodi ya mapato, ambayo ingewagusa hasa Wazungu na Wahindi wenye uwezo, ilianza kutozwa mwaka 1921. Masetla wakaipinga kwa nguvu, na mwaka 1922 ikafutwa. Fedha zilizokosekana zilitafutwa bandarini. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na Sir Charles Bowring, ambayo Lord Delamere alikuwa mjumbe wake, ilipendekeza ushuru wa kulinda mazao ya masetla: ngano na unga wake, siagi, jibini, nyama ya nguruwe, mbao. Delamere mwenyewe ndiye aliyeanzisha kinu cha Unga Limited mwaka 1908. Zana za kilimo cha mashamba makubwa ziliingia bila ya ushuru, ilhali kiwango cha kawaida cha bidhaa nyingine kilifika asilimia 20. Nauli za reli zilifuata mwelekeo huo huo, kwa kuwa nguo iliyopanda bara ilitozwa sana kuliko mahindi yaliyoshuka pwani kusafirishwa ng'ambo.

Mzigo huo haukuishia Kenya. Uganda ilikuwa katika umoja wa forodha pamoja nayo tangu 1917, na Tanganyika iliunganishwa kwa hatua, 1923 na 1927. Hivyo mnunuzi wa Kampala au Mwanza alilipa bei iliyopandishwa kwa ajili ya shamba la ngano la Njoro, wala hazina ya nchi yake haikupata kitu, kwani unga wa Kenya haukutozwa. Malalamiko yalikuwa mengi, hata kuanzia 1930 ushuru wa ziada juu ya baadhi ya bidhaa ukaachwa kwa kila nchi kuutumia au kutoutumia.

Watetezi wa utaratibu huu walikuwa na hoja, nayo isipuuzwe: pombe kali za Ulaya na tumbaku zilitozwa sana, na wanywaji wa pombe hizo walikuwa Wazungu. Ni kweli, tena Mwafrika alikatazwa na sheria kuinunua. Lakini mwenye anasa aweza kuipunguza akitaka. Aliyevaa shuka moja hakuwa na la kupunguza. Isitoshe, ushuru ukipimwa kwa yadi au kwa uzito badala ya thamani, nguo duni hulipa sehemu kubwa zaidi ya bei yake kuliko nguo ya hariri.

Katika miaka ya 1930 unafuu ulitoka upande usiotazamiwa. Viwanda vya Japani vilileta merikani ya bei ndogo mno. Mwaka 1934 Uingereza iliweka viwango vya kuzuia nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi, lakini Afrika ya Mashariki iliponea katika sharti lile la bonde la Kongo. Mkataba uliotungwa kwa manufaa ya wafanyabiashara wa Ulaya ukawa kinga ya mnunuzi wa Kiafrika, jambo ambalo hapana aliyelikusudia kule Berlin.

Mwaka 1932 Lord Moyne, aliyetumwa kuchunguza fedha za Kenya, alihesabu ushuru pamoja na kodi katika fungu lililotolewa na Waafrika, akaona kwamba walichangia sana na kurudishiwa huduma kidogo. Alipendekeza watengewe mfuko wao wa maendeleo. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kodi ya mapato ilirudi mwaka 1937, miaka 15 baada ya kufutwa. Katika miaka hiyo yote sehemu ya pengo lake ilikuwa ikizibwa Kilindini, kwa robota za merikani.