Nusu ya Meza: Chimbuko la Comiket na Biashara ya Wachoraji Mashabiki

Kati ya mikusanyiko yote ambamo wachoraji wasioajiriwa na kampuni yoyote huwauzia mashabiki wenzao kazi za mikono yao, ni vigumu kupata unaolingana kwa ukubwa na Comic Market ya Tokyo, ambayo Wajapani huiita kwa kifupi Comiket na ambayo kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na mwishoni mwa Desemba. Kwa wingi wa watu wake, mtu aweza kudhani kuwa ni gulio lililobuniwa na wafanyabiashara hodari. Lakini historia yake yasema vingine, kwani waanzilishi wake walikutanishwa na ugomvi kabla ya kukutanishwa na bidhaa, na kanuni walizojiwekea ili fedha isiwe ndiyo neno la mwisho ndizo zilizoipa biashara hiyo uhai wa takriban nusu karne.

Chombo ambacho biashara hii ilijengwa juu yake ni dojinshi, yaani chapisho ambalo kikundi cha watu wenye mapenzi ya aina moja hulitunga na kulitoa kwa gharama zao bila kupitia kwa mchapishaji. Desturi hiyo ni kongwe kuliko katuni za hadithi za leo, kwa kuwa waandishi wa kundi la Ken'yusha, lililoongozwa na Ozaki Koyo, walianza kutoa jarida lao Garakuta Bunko mwaka 1885. Wachoraji chipukizi wa karne ya 20 waliirithi desturi hiyo katika hali ya ufukara: wengine walikusanya michoro yao halisi, wakaishona pamoja na kuituma kwa posta kutoka kwa mwanachama mmoja hadi mwingine, nakala ikiwa ni hiyo hiyo moja. Jarida la COM, lililoanzishwa mwaka 1967 na kampuni ya mchoraji mashuhuri Tezuka Osamu, liliwatengea wachoraji hao kurasa zake na kuviunganisha vikundi vya mikoani, hata lilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikundi vikajikuta havina kiungo.

Kongamano la mashabiki, kwa upande wake, lilitoka mbali zaidi. Mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi ulifanyika New York mwaka 1939. Wajapani wakaanzisha wa kwao mwaka 1962, na kwa kufuata mfano huo wapenzi wa katuni wakaanza kuwa na kongamano lao la kitaifa mwaka 1972. Mwaka 1975 waandaaji wa kongamano hilo la katuni walimnyima nafasi ya kushiriki shabiki aliyekuwa amewakosoa, na tendo hilo likawachukiza vijana wa kundi la wahakiki lililoitwa Meikyu, wakiwemo Yonezawa Yoshihiro, Harada Teruo na Aniwa Jun. Badala ya kuishia kulalamika, waliamua kuandaa mkusanyiko wao ambao hautamfungia mtu mlango kwa sababu ya maoni yake, na tarehe 21 Desemba 1975 wakaufungua katika chumba cha mikutano cha Jumba la Zimamoto, Toranomon, wakiwa na vikundi 32 na wahudhuriaji wapatao 700.

Idadi kubwa mno ya wahudhuriaji hao walikuwa wasichana wa shule za sekondari, wapenzi wa katuni za kike za waandishi kama Hagio Moto, na jambo hili lafaa kukaziwa kwa kuwa picha inayoenezwa mara nyingi juu ya mashabiki wa Kijapani ni ya kijana wa kiume aliyejifungia chumbani. Wasichana hao ndio walioijenga kazi hii tangu msingi: walichora, wakaandika, wakabeba maboksi, na miaka ya 1980 hadithi zao walizozitunga kutokana na wahusika wa Captain Tsubasa, katuni ya wachezaji chipukizi wa kandanda, zilivifanya vikundi viongezeke kwa kasi. Kufikia majira ya joto ya 1989 palikuwa na vikundi vipatavyo 10,000 na wahudhuriaji wapatao laki moja.

Waandaaji walishikilia tangu zamani kanuni moja ambayo kila mgeni hufundishwa: Comiket haina wateja, ina washiriki tu. Mwenye meza ni mshiriki, anayepanga foleni ni mshiriki, na wanaosimamia shughuli nzima ni washiriki wa kujitolea. Kanuni hiyo haikuwa mapambo ya maneno, maana iliamua hata jinsi nafasi inavyogawiwa. Kikundi kinachokubaliwa hupewa nusu ya meza, yaani upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 45, pamoja na viti viwili, kwa ada ileile anayolipa jirani yake. Na waombaji wanapozidi nafasi, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi, kura hutumika. Wenye wasomaji wengi mno hupangwa kandokando ya kuta ili foleni zao zipate pa kutokea, lakini hilo huwapa hewa tu, haliwapi ukumbi.

Kazi ya nusu ya meza huanza miezi kadhaa kabla, na imeshikamana na mitambo ya uchapaji kuliko wengi wanavyodhani. Zamani vikundi vilitumia mashine za stensili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ofseti ilishuka bei, na wakajitokeza wapigachapa waliofanya dojinshi kuwa shughuli yao kuu, wakapanga kalenda za viwanda vyao kwa kufuata tarehe za Comiket. Anayewasilisha kurasa mapema hupunguziwa bei, na anayechelewa huongezewa. Aliyekosa tarehe zote bado ana njia ya mwisho, nayo ni kutoa kopi usiku kucha, kuzikunja na kuzibana kwa stepla mpaka alfajiri. Aliyewahi huingia ukumbini asubuhi akakuta maboksi yake yamekwisha kufikishwa na mpigachapa chini ya meza. Hutandika kitambaa, huweka nakala ya kupekuliwa, husimamisha kikadi cha bei, na kuifungua chenji aliyoiandaa, sarafu za yeni 100 na 500, kwa kuwa bei nyingi hupangwa ili mnunuzi asisimame muda mrefu. Kabla mlango haujafunguliwa, msimamizi hupita kukusanya nakala moja ya kila chapisho jipya na kukagua kama limefuata sheria ya nchi kuhusu picha za utupu. Pembeni mwa vitabu huwapo vitu vidogo: miaka ya 1980 na 1990 zilipendwa sana karatasi za barua zenye michoro, na siku hizi beji, kadi na vishikio vya funguo vya akriliki. Kwa hesabu za fedha, vikundi vingi hurudisha gharama tu au hupata hasara, na wenye nusu ya meza hulijua hilo kabla hawajalipa ada.

Sehemu kubwa ya kazi hizo hutumia wahusika wa watu wengine, na hapo ndipo sheria ilipokuwa na uzito wake. Kwa muda mrefu sheria ya hakimiliki ya Japani iliweka kwamba mashtaka ya jinai hayafunguliwi mpaka mwenye haki alalamike, na wenye haki wengi walichagua kunyamaza, wakiona kwamba mashabiki wanaochora wahusika wao huwakuzia soko na tena ni shamba la kuotesha wachoraji wapya. Kimya hicho kilikuwa na mpaka. Mwaka 1999 mtu mmoja alikamatwa kwa kuuza dojinshi ya watu wazima iliyotumia wahusika wa Pokémon. Na mchoraji aliyetoa mwaka 2005 hadithi ya mwisho ya kubuni ya katuni ya Doraemon, ikauzwa nakala zipatazo 13,000 na kudhaniwa na wengine kuwa ni ya kweli, alilazimika mwaka 2007 kuomba radhi na kumlipa mchapishaji, Shogakukan, sehemu ya mapato. Sheria ilipogeuzwa mwishoni mwa mwaka 2018 ili baadhi ya makosa yashtakiwe bila malalamiko, masharti yake yaliandikwa kwa namna inayoziacha kazi za mashabiki nje. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa wenye nusu ya meza, ingawa msingi wake bado ni hisani, na hisani ni kitu kinachoweza kuondolewa na mwenye nacho.

Tishio la maadili lilikuwa kali zaidi. Mapema mwaka 1991 polisi walichukua hatua dhidi ya maduka yaliyouza dojinshi zilizohesabiwa kuwa za uchafu, na ukumbi wa Makuhari Messe, ambako Comiket ilikuwa imehamia, ukakataa kuendelea kuipokea, ikabidi irudi katika ukumbi wake wa zamani wa Harumi. Ukaguzi wa nakala wa asubuhi uliimarika kutokana na misukosuko hiyo, na ni hekima yake Yonezawa, aliyeongoza tangu 1980 hadi alipofariki mwaka 2006, kwamba aliuona kuwa kinga ya wachoraji na si rungu juu yao. Tangu 1996 mkusanyiko umekuwa katika ukumbi wa Tokyo Big Sight. Katika miongo hiyo baadhi ya vikundi vilivuka kwenda upande wa pili, ule wa kampuni: CLAMP, walioanza uchoraji kwa dojinshi, waliingia katika majarida makubwa mwaka 1989, na Type-Moon waliouza mchezo wao Tsukihime hapo Desemba 2000 baadaye wakawa kampuni. Yapasa hata hivyo kuwakumbuka zaidi maelfu ambao hawakuvuka wala hawakutaka kuvuka. Chuo Kikuu cha Meiji kilifungua mwaka 2009 maktaba yenye jina la Yonezawa, na humo zimo nakala za ukaguzi zilizokusanywa mezani, kazi za watu ambao hakuna mchapishaji aliyewahi kuwatafuta.

Desemba 2019 wahudhuriaji wa siku nne walifika 750,000 kwa hesabu ya jumla ya kila siku. Mkusanyiko uliopangwa Mei 2020 badala ya Agosti ukafutwa kwa sababu ya korona, na wapigachapa waliopanga mwaka wao mzima kwa tarehe hizo wakabaki na mitambo isiyo na kazi. Milango ilipofunguliwa tena mwishoni mwa Desemba 2021, idadi ya watu iliwekewa kikomo cha 55,000 kwa siku na kuingia kukawa kwa tiketi. Tayari mwaka 2019 waandaaji walikuwa wameanza kutoza kiingilio kwa mkanda wa mkononi, jambo ambalo kwa miongo mingi halikuwapo, wakieleza kuwa gharama zimepanda. Wanaolipa kiingilio hicho bado huitwa washiriki, na waandaaji bado huwataka wajichukulie hivyo. Lakini mtu aliyenunua tiketi ana haki ya kudai huduma, na namna ya kumfanya aone kwamba foleni, usafi na chenji ni wajibu wake pia ndiyo kazi inayowakabili sasa warithi wa Meikyu kila Agosti na kila Desemba.