Mkonge na Jua la Kaskazi

Mtu akaaye Nguvumali, katika mji wa Tanga, hahitaji kalenda kumjulisha kwamba kaskazi imeingia, maana baina ya Disemba na Machi upepo hugeuka, mchicha wa uani hunyauka kabla ya adhuhuri, na mbuzi hugombea kivuli cha ukuta na wenye nyumba. Ilhali mmea mmoja wa majani manene, yaliyojipanga duara kulizunguka shina fupi mfano wa waridi la kijani, husimama katika harara ile kama usiohusika nayo. Aghalabu mwenye nyumba huuonea huruma, akaumwagia maji asubuhi na jioni, na siku si nyingi mizizi yake huoza. Hufa kwa kunyweshwa, si kwa kiu. Naam, tarikhi ya Tanga kwa muda wa miaka mia na zaidi imesimama juu ya mmea wa jinsi hii, na aliyeudhuru katika muda huo wote hakuwa jua.

Kabla ya Wadachi kutia nanga, watu wa pwani walikuwa na mkonge wao, mmea wa vichakani wenye majani marefu kama sime, ambayo waliyaponda na kuyaparura hata wakapata uzi imara wa kusokotea kamba. Alipokuja mgeni aliyefanana na mwenyeji huyo kwa kazi, japo si kwa nasaba, alipewa jina lile lile; na singa zake zikaitwa katani, neno tulilolipata kwa Waarabu, lenye asili moja na kitani.

Mgeni huyo asili yake ni Meksiko, na jina ajulikanalo kwalo duniani, sisal, ni la bandari ndogo ya Yucatán ambako singa zilipakiwa merikebuni. Aliyemleta kwetu ni Richard Hindorf, bwana shamba wa kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki, ambaye baada ya kusoma habari za mmea huo katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapita Hamburg, ikavuka bahari mbili, na mwaka 1893 ilipowasili pwani yetu iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na katika kizazi cha hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoenea kuifuata reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka huo huo, hata Korogwe na Mombo na mbele yake.

Siri ya mmea huu kustahimili hari ni tabia yake ya kuishi usiku. Mchana, wakati mimea mingine imefungua vinyweleo vya majani na kupoteza maji, mkonge hufunga vyake chini ya ngozi yenye nta. Jua likizama huvifungua, ukavuta hewa, ukaiweka akiba hata mapambazuko. Kwa hiyo utunzaji wake haukuwa wa ndoo. Vitoto vyake, viotavyo juu ya mlingoti ule mrefu ambao mkonge huutoa mara moja tu katika umri wake kisha ukafa, vililelewa kitaluni, vikahamishiwa katika ardhi isiyotuama maji, vikapaliliwa magugu, vikaachwa miaka miwili au mitatu bila kuguswa na kisu. Hata ulipowadia wakati wa kukata, mkataji mwenye adabu ya kazi alichukua majani ya chini na kuacha ya juu yapatayo ishirini, kwa kuwa mkonge ukatwao kupita kiasi hudhoofika. Wataalamu wa kituo cha Mlingano, Muheza, walitumia miaka mingi kuchungua mambo hayo, na huko ndiko ilikostawishwa chotara ya namba 11648, ambayo majani yake maishani huzidi kwa mbali ya mkonge wa Hindorf.

Lakini waliotunza mmea usioumizwa na jua waliumizwa nalo wao wenyewe. Wakataji walitoka alfajiri ili waimalize kazi kabla jua halijasimama utosini, maana jani lililokatwa halingoji: likichelewa kufika kwenye korona, mashine ya kuparua, huanza kukauka na singa hazitakati. Watu hawa, wengi wao wakitoka Uha, Ufipa, Ubena, Msumbiji na Ruanda-Urundi, waliitwa manamba, kwa kuwa daftarini walikuwa namba kwanza na majina baadaye. Ujira wao ulifuata kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na tangu mwaka 1944 waliandikwa na kusafirishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Vita vya Pili vya Dunia vilipofunga njia za katani ya Java na Ufilipino, dola ya Kiingereza ilitaka singa kwa kila hali, na watu wakashurutishwa kwenda mashambani.

Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000, na hapana nchi iliyoizidi duniani. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Palizi ikasahauliwa, pori likarudi katikati ya mistari, na kabla ya karne kwisha mavuno hayakufika hata tani 40,000. Kaskazi za miaka hiyo hazikuwa kali kuliko za zamani, na mkonge ulioonekana kudhoofika njiani kwenda Muheza haukuchomwa na jua. Ulisongwa na magugu ambayo mkono wa mtu uliacha kuyang'oa.

Basi mwenye nyumba wa Nguvumali, achukuapo ndoo kwa huruma wakati wa kaskazi, na aiweke chini. Ang'oe nyasi zilizouzunguka mmea wake, achungue kama maji hupata pa kutokea, kisha arudi kivulini akauache usubiri usiku wake.