Ardhi iliyofunikwa hutuliza maji ya mvua Kericho

MASHAMBA ya majani chai ya Kericho yaliyo kandokando ya msitu wa Mau hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo hustawisha chai, lakini ikianguka kwenye mteremko usio na mimea huporomoka na udongo wa juu hadi mtoni.

Namna ya kuyatuliza maji hayo ilianza kuchunguzwa huko mwaka wa 1958. Wakati huo ilihofiwa kuwa kufyeka msitu ili kupanda chai kungeleta mafuriko wakati wa mvua na kukausha mito wakati wa kiangazi.

Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa H. C. Pereira, lilichagua mabonde mawili madogo. Bonde la Lagan, lenye hekta zipatazo 540, liliachwa na msitu wake. Katika bonde la Sambret, lenye hekta zipatazo 700, karibu nusu ilifyekwa na kupandwa chai. Mvua na maji ya vijito vilipimwa hadi miaka ya 1970.

Huko Sambret, mitaro ilichimbwa kukingama na mteremko ili kupunguza kasi ya maji. Hata hivyo, chai ilipokuwa changa na udongo ukiwa wazi, mvua kubwa zilifurisha kijito chake kuliko kile cha Lagan. Matawi yalipokutana na kufunika ardhi, mafuriko hayo yalipungua, na kijito hakikukauka wakati wa kiangazi.

Majaribio ya C. O. Othieno, yaliyofanyika Kericho katika miaka ya 1970, yalithibitisha jambo hilo. Mashamba ya chai changa yaliyowekwa matandazo ya nyasi yalipoteza udongo kidogo kuliko yale yaliyopaliliwa na kuachwa wazi.

Kanuni hiyo inafaa pia katika bustani za umma za miji kama Kericho na Bomet. Mapaa ya mabati, lami na njia zilizokanyagwa hazinywi maji, hivyo mvua yote hukimbilia bondeni. Mjini Bomet, bonde hilo ni la Mto Nyangores, unaopeleka maji yake katika Mto Mara.

Bustani inaweza kupokea maji hayo kupitia mitaro mipana yenye nyasi, iliyokingama na mteremko. Mitaro huyafikisha kwenye mabonde ya kina kifupi yaliyopandwa mimea inayostahimili maji, ambako hunywea polepole. Kila bonde huwa na njia ya maji ya ziada iliyojengwa kwa mawe, ili yasichimbe korongo.

Mabonde hayo hayapaswi kuwa karibu na misingi ya nyumba wala juu ya mteremko unaoweza kuporomoka. Aidha, maji yanywee katika muda wa siku mbili. Mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kukua ndani ya maji, na nyanda za Kericho zimewahi kukumbwa na milipuko ya malaria.

Kazi haiishii kwenye upanzi. Takataka na matope vikiziba mtaro, maji hutafuta njia nyingine. Aidha, kama Sambret ilivyoonyesha, hatari huwa kubwa zaidi kabla ya mimea kushika. Kwa hiyo ujenzi hukamilishwa wakati wa kiangazi, na udongo hufunikwa kwa matandazo kabla ya mvua za masika kuanza.